Mwanamke Asiye na Uso: Mwana Hiti na Vinyago vya Udongo katika Unyago wa Handeni na Korogwe

Utangulizi

Mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza sanamu ya mbao iitwayo mwana hiti huenda asitambue kwamba anamtazama mwanamke. Ni kipande cha mti cha mviringo, aghalabu chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, kisicho na mikono wala miguu. Kichwa chake kimegawanyika juu katika shungi mbili za nywele. Chini ya shingo yamechongwa matiti mawili madogo, na chini ya matiti kitovu. Uso, mahali ambapo jicho la mtazamaji huelekea kwanza, umeachwa karibu mtupu: katika baadhi ya sanamu macho na mdomo ni vidoa tu, na katika nyingine havipo kabisa.

Katika kumbi za makumbusho na katika vitabu vya wakusanyaji wa sanaa, sanamu hii hupewa majina mawili: “mwanasesere” au “sanamu ya uzazi”. Majina hayo si ya uongo, lakini hayajibu swali la msingi. Mchongaji aliyeweza kuchonga shungi mbili zilizolingana, akaweka kitovu mahali pake, hakushindwa kuchonga pua. Kwa nini basi aliuacha uso? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuitazama mwana hiti pamoja na sanaa nyingine ya unyago ambayo kwa kawaida huchambuliwa peke yake, yaani vinyago vya udongo vya Wazigua, Wanguu, Wabondei na Wasambaa. Eneo linalohusika ni wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, mahali ambapo sanaa hizo mbili zinakutana.

Handeni na Korogwe kama eneo la makutano

Wanaisimu wanaoshughulikia lugha za kaskazini-mashariki mwa Tanzania huzigawa lugha za sehemu hii katika makundi kadhaa ya jamaa moja. Kundi la Ruvu lina Kizaramo, Kikwere, Kidoe, Kikutu, Kiluguru na nyinginezo. Kundi la Seuta lina Kizigua, Kinguu, Kibondei na Kisambaa. Handeni ni nchi ya Wazigua, na upande wake wa magharibi, kwenye milima ya Nguu, wako Wanguu, ingawa sehemu hiyo ilitengwa mwaka 2002 na kuwa wilaya ya Kilindi. Korogwe, kandoni mwa mto Pangani, ina Wazigua, Wabondei na Wasambaa walioteremka kutoka milima ya Usambara.

Mgawanyo huo wa lugha una faida kwa mchambuzi wa sanaa. Mwana hiti inajulikana zaidi katika kundi la Ruvu, na kwa Wazaramo na Wakwere hasa. Wazigua wanayo pia, ilhali lugha yao ni ya Seuta. Vinyago vya udongo, kwa upande mwingine, vilikusanywa kwa wingi katika watu wa Seuta. Mzigua kwa hiyo amesimama kwenye mpaka, na urithi wake una mwanamke wa mti na mwanamke wa udongo. Inasikitisha kidogo kwamba katika maandishi mengi kuhusu mwana hiti, Handeni hutajwa kwa nusu sentensi, kama mahali ambapo sanamu ya Mzaramo ilipotelea njiani.

Kuna jambo jingine linalotenganisha na kuunganisha. Wazigua na Wanguu, sawa na Wazaramo, Wakwere na Waluguru, kwa jadi hufuata ukoo wa mama; mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na kitovu ndicho alama ya kamba iliyomfunga kwao. Wasambaa hufuata ukoo wa baba. Jambo hili litarejewa hapa chini, kwa kuwa linagusa kile mchongaji alichoamua kukionyesha na kile alichoamua kukiacha.

Korogwe, zaidi ya hayo, si mji wa makabila hayo tu. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka bara na kutoka kusini, wakiwamo Wamakonde, ambao wana mila zao za unyago na uchongaji wao. Mtafiti anayeutafuta unyago “halisi” wa kabila moja katika kambi za mkonge za Korogwe hataupata, na pengine haukuwapo hivyo tangu zamani.

Sanamu mikononi mwa mwali

Msichana akishavunja ungo huwa mwali, naye huwekwa ndani. Kipindi cha kukaa ndani zamani kiliweza kuwa kirefu, hata zaidi ya mwaka katika baadhi ya jamii. Hafanyi kazi za nje, haonekani na watu, ngozi yake hulainika, na kungwi humfundisha mambo ya mwili, ya ndoa na ya heshima. Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wazaramo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, ameeleza jinsi mwana hiti inavyoingia hapa: mwali huitunza sanamu kama atakavyomtunza mtoto. Huiosha, huipaka mafuta, huitengeneza nywele, hukaa nayo. Baadhi ya sanamu zilizohifadhiwa bado zina shanga shingoni. Nyingine zilitunzwa na ukoo zikatumika kwa wali zaidi ya mmoja, na hivyo mbao yake imekolea weusi unaong’aa ambao hautokani na rangi bali na mikono.

Neno “mwana” katika jina la sanamu linaelekeza kwenye utoto, na kwa kawaida jina zima hufasiriwa kuwa ni mtoto wa mti. Lakini mtoto huyu ana matiti na ana nywele za mtu mzima. Hapo ndipo tafsiri ya “mwanasesere” inapokwama. Mwanasesere humwakilisha mtoto kwa anayecheza umama. Mwana hiti inamwakilisha mtoto atakayezaliwa, na papo hapo inamwakilisha mwali mwenyewe kama atakavyokuwa siku ya kutolewa nje, kichwa kimetengenezwa na mwili umekamilika. Mwali anapoipaka mafuta anamlea mwanawe na anajilea mwenyewe kwa tendo moja. Wanawake wa jamii hizi hawakuhitaji nadharia kulitambua hilo. Kungwi naye humwosha na kumpaka mwali vilevile, na mwali humfanyia sanamu kile anachofanyiwa.

Kwa hiyo uso ungekuwa kikwazo. Uso ni wa mtu mmoja. Sanamu yenye pua ya fulani na macho ya fulani ingekuwa picha ya huyo fulani, na mwali wa pili asingeweza kuipokea. Mchongaji amechagua viungo vitatu ambavyo kila mwali anavipata au anavyo tayari: nywele zinazotengenezwa anapotolewa, matiti yanayoonyesha kwamba ungo umevunjwa, na kitovu kinachomfunga na ukoo wa mama. Mikono na miguu haimo kwa sababu mwali hafanyi kazi wala hatembei. Hoja hii ya mwisho inahitaji kuwekwa kwa hadhari, kwani umbo lisilo na viungo hushikika vizuri zaidi mkononi, na huenda fundi aliwaza hilo tu. Lakini sababu ya mkono na sababu ya maana hazigombani.

Ithibati kwamba umbo hili ni alama ya hali, wala si mfano wa mtu, inapatikana nje ya unyago. Katika eneo lote la Ruvu umbo hilohilo la kiwiliwili chenye shungi mbili limechongwa juu ya fimbo za wazee, kwenye viegemeo vya viti vya wakubwa, kwenye ala za muziki, na kwa Wazaramo hata juu ya nguzo za makaburi. Mzee aliyeshika fimbo yenye kichwa cha mwana hiti hakubeba picha ya binti yake. Alibeba alama ya ukoo unaoendelea kupitia kwa wanawake.

Ulinganisho na Wayoruba

Tatizo hili la uso si la Uzigua peke yake, na linaeleweka vizuri zaidi likilinganishwa na sanaa ambayo imeandikwa kwa kina zaidi. Katika uchongaji wa jadi wa Wayoruba wa Nijeria, kichwa hukuzwa kupita kiasi cha maumbile, kwa kuwa kichwa, ori, ndicho makazi ya majaliwa ya mtu. Wasanii wa kisasa wa Nijeria wanaomchora mwanamke wa Kiyoruba kwa mtindo wa kurefusha shingo, kukuza kilemba na kurahisisha macho wanaendeleza mazoea hayo hata pale wanapotumia rangi za mafuta na turubai.

Ulinganisho ulio karibu zaidi na mwana hiti ni sanamu za pacha, ere ibeji. Pacha akifariki, familia ya Kiyoruba iliweza kumchongea sanamu, na mama aliiosha, akaipaka unga mwekundu wa mti, akaivisha na kuilisha. Aliyefariki ni mtoto mchanga, lakini sanamu yake ina umbo la mtu mzima. Sanamu nyingi za ibeji zimepoteza uso kwa kuoshwa miaka mingi: macho na pua vimelainika vikafutika. Katika ibeji, uso ulichongwa kisha upendo ukaufuta. Katika mwana hiti, haukuwekwa tangu mwanzo. Tofauti hiyo inatokana na kwamba ibeji inamkumbuka mtu aliyekuwapo, ilhali mwana hiti inamsubiri mtu ambaye bado hajawa.

Upande wa pili kabisa unasimama mchoro wa “Tutu” wa Ben Enwonwu, uliochorwa katika miaka ya 1970 ukimwonyesha Adetutu Ademiluyi, binti wa ukoo wa kifalme wa Ife. Enwonwu, ambaye hakuwa Myoruba bali Mwigbo, alimrefusha shingo na kumpa utulivu wa sanamu za kale, lakini alimwacha na uso wake. Nakala moja iliyokuwa imepotea machoni pa watu ilionekana katika nyumba moja London, na mwaka 2018 iliuzwa katika mnada wa Bonhams kwa zaidi ya pauni milioni 1. Jina la mwanamke aliyechorwa lilikuwa sehemu ya thamani hiyo. Mwana hiti nazo zinauzwa minadani Ulaya na Marekani, lakini zinauzwa bila jina la mchongaji, bila jina la kungwi, na bila jina la hata mmoja wa wali walioishika. Mnunuzi huuona utupu wa uso kama ufundi wa kufanana na sanaa ya kisasa ya Ulaya, na huusifu. Anasifu kitu kilichopo, ila kwa sababu isiyokuwapo.

Udongo na wimbo

Vinyago vya udongo vinaleta picha tofauti. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuja kuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika kuhusu vinyago vya Wanguu katika jarida la Africa mwaka 1944, kisha mwaka 1956 akachapisha mjini London kitabu kizima kuhusu vinyago vya jando na unyago. Vinyago alivyovikusanya ni vya udongo usiochomwa tanuruni, vingi vimepakwa madoa meupe, mekundu na meusi. Vinaonyesha watu, wanyama na vyombo vya nyumbani. Kila kimoja kina wimbo wake.

Wimbo ndio unaokikamilisha kinyago. Maneno yake ya nje huwa mepesi, wakati mwingine ya kuchekesha. Maana ya ndani hufafanuliwa na mwalimu kwa mwali, nayo huhusu ndoa, uaminifu, ugonjwa, deni, ugomvi wa wakwe au wajibu wa mzazi. Kinyago cha mwanamke kinachoonekana kama mzaha wa umbo kinaweza kuwa fundisho kuhusu uvivu, na mtu asiyejua wimbo hawezi kulifikia fundisho hilo kwa kukitazama tu, hata akitazama siku nzima. Kwa sababu hiyo udongo haukuhitaji kudumu. Mafundisho yakiisha, vinyago huharibiwa au huachwa vikamomonyoka, na msimu unaofuata hufinyangwa vingine. Kinachorithishwa ni wimbo.

Elisabeth Grohs, aliyechunguza unyago wa wasichana wa Kizigua na Kinguu na kuchapisha matokeo yake kwa Kijerumani mwaka 1980, alilifanya jambo ambalo Cory hangeweza kulifanya kwa urahisi: aliingia upande wa wanawake. Ni kazi ambayo wanafunzi wengi wa Kitanzania hawajaisoma kwa sababu ya lugha yake, na kuitafsiri kwa Kiswahili kungekuwa na manufaa zaidi kuliko tasnifu kadhaa zinazorudia kumnukuu Cory.

Sasa tofauti kati ya sanaa hizi mbili inaonekana wazi. Mwana hiti ni mwanamke anayesubiriwa. Ni mmoja, mkimya, anadumu, na hana uso. Wanawake wa udongo ni wengi, wana kasoro, wana vituko, na hawadumu. Wa mti anaonyesha hali ambayo kila mwali anaiingia. Wa udongo wanaonyesha yale yatakayompata baada ya kuingia. Mzigua wa Handeni, aliyekuwa na vyote viwili, alikuwa na mfumo uliokamilika kuliko unavyoonekana ukitazamwa kutoka upande wa Uzaramo au upande wa Usambara. Na kwa Wasambaa, ambao mtoto wao ni wa ukoo wa baba, mwana hiti haikuota mizizi ilhali vinyago vya udongo vilikuwapo. Haiwezi kudaiwa kwamba ukoo wa mama ndio sababu pekee, lakini mpaka wa kitovu na mpaka wa sanamu vinakaribiana mno kuwa vya bahati tu.

Kilichofichwa na kilichowekwa wazi

Unyago ni siri ya wanawake. Nyimbo zake hazikukusudiwa kusomwa na mwanamume, wala na mtoto ambaye hajafikia umri. Cory, mwanamume na mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizichapisha pamoja na maana zake, na vinyago alivyovikusanya vikawekwa katika makumbusho ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano na ambayo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Vitu vilivyofinyangwa ili vivunjwe vikahifadhiwa, na maneno yaliyofundishwa ili yafichwe yakapigwa chapa.

Ni rahisi kumlaumu, na ni rahisi vilevile kumshukuru. Unyago katika sehemu nyingi za pwani na bara yake umefupishwa. Wasichana wako shuleni. Mafunzo ya miezi yamesogezwa kwenye wiki chache za likizo, na mahali pengine yamebaki sherehe ya siku moja au mbili yenye ngoma na zawadi. Walimu wa dini, Waislamu na Wakristo, wamekuwa na mashaka ya muda mrefu juu ya sanamu na juu ya lugha ya nyimbo. Maofisa wa elimu wana lao pia, kwa kuwa msichana aliyeambiwa kwamba sasa ni mtu mzima ana umri wa darasa la sita au la saba, na baadhi ya wazazi huuchukua unyago kama ruhusa ya kumwoza. Hoja hiyo ni nzito na haiwezi kuzimwa kwa kutaja uzuri wa sanaa. Lakini haisemi kwamba mafunzo yenyewe yaliharakisha ndoa. Kipindi kirefu cha kukaa ndani kilichelewesha mambo, na ufupishaji wake ndio ulioliondoa pengo kati ya kuvunja ungo na kuolewa.

Katika mazingira hayo, kitabu cha mwaka 1956 kimekuwa ghala. Mafaili ya Cory yamo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanasomwa na yeyote mwenye kitambulisho cha mtafiti. Kungwi wa Handeni, ambaye bibi yake huenda ndiye aliyeimba, hana kitambulisho hicho.

Hapo ndipo lilipo suala la vitendo kwa vyuo na makumbusho. Kibandiko kinachosema “sanamu ya uzazi, Wazaramo, mbao” kinaficha mambo matatu: kwamba umbo hilo ni la eneo zima wala si la kabila moja, kwamba ni chombo cha mafunzo kilichofanya kazi mikononi mwa mwanamke aliye hai, na kwamba utupu wa uso wake ni kauli. Marekebisho ya kibandiko hayahitaji fedha nyingi. Nyimbo ni jambo gumu zaidi. Zile zilizokwisha kuchapishwa haziwezi kurudishwa ndani, lakini tafsiri zake zilifanywa kwa Kiingereza na mtu aliyesimuliwa, na katika Kizigua yako maneno ya unyago ambayo hayatumiki katika mazungumzo ya kawaida. Wapo bado, katika vijiji vya Handeni na Korogwe, wanawake wazee wanaoyajua maneno hayo. Kwao ndiko tafsiri hizo zinapopaswa kupelekwa kwanza, zisomwe kwa sauti mbele yao, nao waamue ni zipi zilizokosewa, ni zipi zinazoweza kufundishwa darasani, na ni zipi zitakazobaki na kungwi.